Maswali ya Wasomaji: Siku Mbili Kuala Lumpur na Begi la Mgongoni

Katika toleo lililopita tuligusia habari za vijana wa Kanda ya Kati wanaosafiri kwenda Asia kwa masomo na biashara. Barua zilizotufikia baada ya hapo zimekuwa nyingi kiasi kwamba safu nzima ya mwezi huu tumeitoa kwa mji mmoja tu, Kuala Lumpur, mji mkuu wa Malaysia, ambao Watanzania wengi huupitia kwa siku moja au mbili wakiwa njiani kwenda kwingine. Barua tumezifupisha bila kubadili maswali yenyewe, na majina ya walioandika tumeyahifadhi.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni kijana wa hapa Dodoma mjini, nimehitimu Chuo Kikuu cha Dodoma na nimepata nafasi ya mafunzo ya miezi mitatu nchini Indonesia. Ndege itanifikisha Kuala Lumpur asubuhi, na ile ya kwenda Jakarta itaondoka kesho yake usiku. Sina fedha nyingi na nitakuwa na begi la mgongoni tu. Rafiki zangu wananiambia nikapige picha kwenye minara pacha, nile, nilale, basi. Je, kwa muda huo mfupi mtu anaweza kuuelewa mji wenye watu wa asili nyingi kama ule, au ni kujidanganya?

JIBU: Marahaba, kijana wetu, na hongera kwa nafasi uliyoipata. Kuujua mji wowote kwa siku mbili haiwezekani. Lakini kuona jinsi mji ulivyojengeka, nani alikuja kwa sababu gani na leo wanaishije pamoja, hilo linawezekana kabisa kwa mtu aliye tayari kutembea kwa miguu katika eneo dogo badala ya kukimbilia kila kitu alichokiona kwenye simu. Kuala Lumpur inafaa hasa kwa jambo hilo, kwa kuwa sehemu yake ya zamani, ambamo jamii zote kubwa za nchi ile zimeacha alama zao, unaweza kuizunguka kwa asubuhi moja bila kupanda chombo chochote.

Anzia pale mito miwili, Klang na Gombak, inapokutana. Mwaka 1857 wachimbaji wa Kichina waliodhaminiwa na watawala wa mji wa Klang, ambao walikuwa Wamalay, jamii ya wenyeji iliyo kubwa zaidi nchini, walipanda mto kwa mashua kutafuta bati, wakashuka mahali hapo, kisha wakakata msitu kwa miguu hadi Ampang, ambako malaria iliwaua wengi wao katika muda mfupi. Waliosalia waliipata bati, na penye bati pakafuata maduka, nyumba za kulala, nyumba za kamari na ugomvi wa kugombea mapato. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Selangor, jimbo ulimokuwa mji huo mchanga, viliuteketeza, na aliyeusimamisha tena alikuwa Yap Ah Loy, mkuu wa jamii ya Wachina wa mahali hapo, hata mwaka 1880 makao ya serikali ya Selangor yakahamishiwa huko kutoka Klang. Waingereza walipojenga reli na kupanda mashamba ya mpira, walileta vibarua Watamil kutoka India ya kusini, na makarani na mafundi wa reli kutoka Sri Lanka. Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu asiyeyajua atayaona mahekalu na misikiti ya pale kama mapambo ya kupigia picha, na sivyo. Kila jengo utakalolipita lilijengwa na watu waliokuja kufanya kazi fulani, wakazika wenzao katika ardhi ile, wakabaki.

Katika makutano hayo ya mito umesimama Masjid Jamek, msikiti uliofunguliwa mwaka 1909, wenye mistari ya matofali mekundu na chokaa nyeupe, kuba tatu na minazi inayouzunguka. Ulichorwa na Mwingereza, Arthur Benison Hubback, aliyeiga mtindo wa misikiti ya India ya kaskazini, na kwa zaidi ya nusu karne ndio uliokuwa msikiti mkuu wa mji. Ng'ambo ya mto utaona jengo refu lenye mnara wa saa linaloitwa Sultan Abdul Samad, lililokamilika mwaka 1897 kuwa ofisi za utawala wa kikoloni, na mbele yake uwanja wa nyasi ambako bendera ya Uingereza ilishushwa usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 1957. Mpaka hapo utakuwa umetumia saa moja tu.

Ukitoka hapo, elekea kusini kwa barabara ya Jalan Tun H.S. Lee, na hapa ninakuomba usiharakishe, maana sijui mtaa mwingine unaoeleza mji huu vizuri kuliko huo. Kabla hujafika mbali utakutana na hekalu dogo la Kichina la Sin Sze Si Ya, lililoanzishwa mwaka 1864 na Yap Ah Loy mwenyewe, limejibana kati ya nyumba za maduka kiasi kwamba mpita njia asiyelitafuta atalipita. Ukiendelea utafika mahali ambapo hekalu la Kihindu la Sri Mahamariamman, lililoanzishwa mwaka 1873, linatazamana na hekalu la Kichina la Guan Di. Upande mmoja kuna lango refu lililojaa sanamu za rangi kutoka chini hadi kileleni, na kando yake wauzaji wa maua wamekaa wakitunga asumini kwenye uzi, na mtu wa kutunza viatu anakupokea ndala zako kwa malipo madogo. Upande wa pili milango ni myekundu, na darini zimening'inia koili kubwa za ubani zinazoungua polepole kwa muda mrefu, na majivu yake huwaangukia mabegani wanaosali. Moshi wa upande mmoja unavuka barabara na kuchanganyika na maua ya upande wa pili. Simama katikati kwa robo saa uwatazame wanaoingia na kutoka. Utamwona karani wa benki akiinamisha kichwa dakika moja kisha akirudi kazini, na pengine utaona msichana wa Kimalay mwenye hijabu akinunua soda kwa mzee wa Kichina, naye mzee akimjibu kwa Kimalay bila kufikiri. Hicho ndicho ulichoniuliza kama kinaonekana kwa siku mbili.

Chakula cha mchana kisikusumbue. Tafuta kibanda cha mamak, yaani mgahawa wa Wahindi Waislamu, ambao mara nyingi haufungi usiku wala mchana, na uagize roti canai pamoja na chai ya maziwa inayoitwa teh tarik. Mpishi huchukua donge la unga lililolowa samli, hulitandaza kwa viganja juu ya meza ya chuma, hulirusha na kulizungusha hewani hadi linakuwa jembamba kama kitambaa, hulikunja na kulitupa kwenye kikaango, na dakika mbili baadaye unaletewa chapati ya tabaka tabaka na kibakuli cha mchuzi wa dengu. Mwenzake wa chai humimina kutoka kikombe kilichoinuliwa juu ya kichwa hadi kilichoshushwa kiunoni, akirudia mpaka povu litokee. Angalia waliokaa meza za jirani: hapo ndipo Mmalay, Mchina na Mhindi hula meza moja bila mtu kuuliza habari ya mapishi. Chapati hiyo hugharimu ringgit 2 hivi, na ringgit moja kwa miaka hii imekuwa ikikaribia shilingi 600 zetu.

Jioni nenda Kampung Baru, kijiji cha Wamalay kilichotengwa na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19, ambacho mpaka leo bado kina nyumba za mbao zilizoinuliwa juu ya nguzo, zenye kuku na miti ya matunda uani, huku maghorofa ya kioo yakichomoza nyuma yake. Wakazi wake wamekuwa wakivutana kwa miaka mingi na wanaotaka kuiendeleza ardhi hiyo ya thamani kubwa, na mimi moyo wangu uko pamoja na wakazi. Kula huko nasi lemak, wali uliopikwa kwa tui la nazi ukaandaliwa na dagaa wa kukaanga, karanga, tango, yai na pilipili iliyosagwa. Kisha vuka mto Klang kwa daraja la waenda kwa miguu la Saloma, lililofunguliwa mwaka 2020, nawe utatokea karibu kabisa na minara ya Petronas, ambayo rafiki zako wameisifu. Ina ghorofa 88 na urefu wa mita 452, ilichorwa na César Pelli kwa umbo la nyota ya Kiislamu ya pembe nane, na ilikuwa mirefu kuliko majengo yote duniani hadi mwaka 2004. Itazame kutoka bustani iliyo chini yake, bure, usiku, taa zikiwa zimewashwa. Kupanda juu kunagharimu fedha ambayo wewe unaihitaji Jakarta.

Siku ya pili panda treni ya KTM, shirika la reli la nchi ile, kutoka KL Sentral, stesheni kuu ya mji, hadi kituo cha mwisho cha Batu Caves, kaskazini ya mji, kwa nauli isiyofika ringgit 5. Utafika kwenye jabali la mawe ya chokaa lenye mapango, na mbele yake sanamu ya Murugan, mungu wa Kihindu, iliyopakwa rangi ya dhahabu, yenye urefu wa mita 42.7, iliyozinduliwa mwaka 2006. Ngazi za kupandia ni 272 na zimepakwa rangi za upinde wa mvua tangu mwaka 2018. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, kwa kuwa jua likipanda ngazi hizo huwa adhabu, na usishike mfuko wa plastiki wala chupa mkononi, maana nyani wadogo wa pale wataupora bila woga. Uhusiano wa mahali hapo na ule mtaa wa jana ni huu: kila mwaka, Januari au Februari, katika sikukuu ya Thaipusam, gari lililotengenezwa kwa madini ya fedha huondoka usiku katika hekalu la Sri Mahamariamman na kuvutwa hadi Batu Caves likifuatwa na umati mkubwa sana wa waumini, baadhi yao wakiwa wamejitoboa ngozi kwa vyuma kutimiza nadhiri. Wajukuu wa vibarua wa mpira na reli ndio walioifanya sikukuu hiyo kuwa ya mji mzima.

Kuhusu begi na malazi, vitanda katika vyumba vya kushirikiana karibu na mtaa wa Petaling huanzia kama ringgit 40 kwa usiku, na ukilala hapo kila nilichokutajia cha asubuhi ya siku ya kwanza kiko jirani. Kutoka uwanja wa ndege, ulioko Sepang kama kilomita 50 kusini ya mji, treni ya KLIA Express hutumia dakika 28 kwa ringgit 55, lakini basi la kwenda KL Sentral hugharimu takribani ringgit 15 na huchukua saa moja au zaidi kidogo. Kwa mfuko wako, panda basi. Jambo moja la kukazia: ikiwa tiketi ya Jakarta umeinunua mbali na ile ya kutoka Dar es Salaam, mashirika hayo mawili hayana wajibu wowote kwako endapo ndege ya kwanza itachelewa, na huenda ukashukia jengo la abiria namba moja na kuondokea namba mbili. Majengo hayo yameunganishwa kwa treni ya dakika tatu, lakini foleni za ukaguzi hazina urafiki na mtu. Tena pima begi lako kabla ya kuondoka, kwa sababu mashirika ya bei nafuu huruhusu kilo 7 tu mkononi na hutoza ada kubwa kwa kinachozidi.

Na ujiandae kwa hewa. Sisi tumezoea ukame wa Dodoma, ambako mvua ni kama milimita 570 kwa mwaka na usiku wa Juni mtu hujifunika blanketi. Kuala Lumpur hupata zaidi ya milimita 2,400, mvua hushuka kwa kishindo alasiri karibu miezi yote, na usiku haukupi nafuu. Beba mwavuli, nguo nyepesi zinazokauka upesi, na mfuko wa nailoni wa kufunikia pasipoti.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kondoa. Nategemea kupita Malaysia pamoja na kijana wangu anayekwenda kutibiwa nchi jirani. Nauliza mambo mawili. Kwanza, kwa Muislamu, chakula na sala vikoje katika mji wenye Wachina wengi, na je, ni adabu kuingia katika nyumba za ibada za wengine? Pili, huku kwetu Warangi, Wasandawe, Waburunge na Wagogo tumeishi na kuoana tangu zamani, wala hatuoni ajabu. Inasemwa Malaysia nako ni mfano wa kuigwa. Je, ni kweli?

JIBU: Wa alaykum salaam, na shikamoo mwalimu. Tunamwombea kijana wako afya.

Uislamu ndiyo dini rasmi ya Malaysia, kwa hiyo utasikia adhana kila mahali, na katika stesheni, viwanja vya ndege na maduka makubwa kuna vyumba vya kusalia vilivyo safi. Chakula halali huthibitishwa na idara ya serikali iitwayo JAKIM, ambayo nembo yake ya duara hubandikwa mlangoni au ukutani mwa mgahawa. Ukiwa mtaa wa Petaling au Jalan Alor, ambako wapishi wengi ni Wachina, usidhani kwamba sahani isiyo na nyama ya nguruwe ni salama, kwa sababu mafuta yake hutumika hata katika tambi za kukaanga. Uliza, au tafuta nembo. Watu wa huko wamezoea swali hilo na hawalichukii.

Kuhusu nyumba za ibada, misikiti mikubwa huwapokea wageni wasio Waislamu nje ya nyakati za sala na kuwaazima majoho, ukiwemo Masjid Negara, msikiti wa taifa uliofunguliwa mwaka 1965, wenye paa lililokunjwa kama mwavuli na mnara wa mita 73. Jirani yake ipo makumbusho ya sanaa za Kiislamu, ambayo kwa mwalimu ningeitanguliza mbele ya vivutio vyote vya mjini: ina misahafu ya kale na mifano midogo ya misikiti mashuhuri kutoka nchi mbalimbali. Kwenye mahekalu mgeni huingia akiwa amevua viatu, amefunika magoti, na hapigi picha ya mtu anayesali. Kama dhamiri yako haikuruhusu kuingia, kusimama langoni kwa heshima hakumkwazi mtu.

Swali lako la pili ni zito zaidi, na ninashukuru umeliuliza, kwa kuwa wasafiri wengi hurudi na sifa tupu. Amani ya Malaysia ni ya kweli, lakini haikuota yenyewe, na haifanani na ya Kondoa. Tarehe 13 Mei 1969, siku tatu baada ya uchaguzi mkuu, ghasia kati ya Wamalay na Wachina zilizuka Kuala Lumpur, zikianzia karibu na Kampung Baru ile ile niliyoitaja hapo juu. Takwimu za serikali zilitaja vifo 196, na wapo wanaoamini kwamba vilikuwa vingi zaidi. Bunge lilisimamishwa hadi mwaka 1971. Chanzo kilikuwa hofu iliyolimbikizwa tangu ukoloni: Wamalay waliona siasa iko mikononi mwao lakini uchumi umewapita, na wengine waliona uraia wao unahesabiwa nusu. Serikali ikatangaza misingi ya taifa iitwayo Rukun Negara mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikaanzisha sera ya uchumi iliyowapa Wamalay na wenyeji wengine upendeleo katika nafasi za vyuo, ajira na umiliki wa kampuni. Sera hiyo ilipunguza umaskini na kujenga tabaka la kati la Wamalay, na pia imeacha kinyongo kwa familia za Kichina na Kihindi ambazo vijana wao wenye alama nzuri wamehamia Singapore, Australia na kwingineko. Yote mawili ni kweli, na mgeni mwenye haki ayashike yote mawili.

Tofauti na kwetu ni kubwa. Katiba ya Malaysia inamtambua Mmalay kuwa mtu anayefuata Uislamu, anayezungumza Kimalay na kushika mila zake, kwa hiyo anayetaka kuoana na Muislamu hulazimika kusilimu kwanza, na ndoa mchanganyiko si jambo jepesi kama lilivyo Kondoa, ambako Mrangi Muislamu na Mgogo Mkristo wanaweza kuwa na mjomba mmoja. Tena shule za msingi za serikali zipo za Kimalay, za Kichina na za Kitamil, hivyo watoto wengi hukutana na wenzao wa asili nyingine wakiwa wamekwisha kukua. Mimi naamini Kiswahili katika shule zetu za msingi kimetufanyia kazi ambayo nchi nyingi zingeitamani. Lakini lipo la kujifunza kutoka kwao pia: hawakuwalazimisha watu kusahau lugha za mama zao ili wawe raia. Mtoto wa Kitamil wa Kuala Lumpur huzungumza lugha tatu au nne kwa ufasaha na kuzipokezana ndani ya manunuzi ya dakika tano, ilhali kwetu Kisandawe, lugha isiyo na ndugu wa karibu popote, tunakitazama kikipungua wasemaji kana kwamba si mali yetu. Ukifika huko, mwalimu, kaa sokoni usikilize. Soko la Chow Kit asubuhi litakufaa kuliko ziara yoyote ya kulipia.

SWALI: Binti yangu ana duka hapa Mpwapwa na atapita Kuala Lumpur peke yake akitoka kununua bidhaa China. Mimi mama yake silali. Je, yuko salama, na anahitaji karatasi gani?

JIBU: Mama, shikamoo, na hofu yako tunaielewa. Kuala Lumpur si mji wa kutisha kwa mwanamke anayesafiri peke yake. Kinachowasumbua wageni zaidi ni wakwapuzi wa pikipiki, kwa hiyo mkoba uwe upande wa ukuta, si upande wa barabara, na simu isichezewe ukingoni mwa njia. Usiku aite gari kwa programu ya Grab, inayofanya kazi kama hizi tulizozizoea, ili bei na namba ya gari vijulikane mapema. Treni za KTM zina mabehewa ya wanawake, yenye alama ya waridi. Akikupigia simu akumbuke kwamba huko wametutangulia kwa saa tano: ikiwa kwetu ni saa mbili usiku, kwao ni saa saba usiku wa manane.

Karatasi ni hizi: pasipoti yenye muda usiopungua miezi sita, tiketi ya kuondoka, uthibitisho wa mahali pa kulala, na kadi ya kuwasili ya kidijitali ya Malaysia, ambayo tangu mwaka 2024 hujazwa mtandaoni, bila malipo, katika siku tatu kabla ya kufika. Tovuti ikimdai fedha kwa ajili ya kadi hiyo, si ya serikali. Masharti ya viza yathibitishwe kwa ubalozi wa Malaysia ulioko Dar es Salaam kabla ya kulipia tiketi, kwa sababu hubadilika. Kadi ya manjano ya chanjo asiiache nyumbani hata kama hakuna aliyeiuliza safari iliyopita. Maofisa wa uhamiaji wana mamlaka ya kumrudisha msafiri ambaye majibu yake hayaeleweki, na vijana wa Kiafrika huulizwa maswali mengi kuliko wengine. Hilo linaumiza, na si haki, lakini dawa yake pale dirishani ni nyaraka zilizochapishwa kwenye karatasi na majibu mafupi ya kweli.

Mama, lipo neno moja la kumwambia kwa mkazo. Asibebe mzigo wa mtu. Hata kama ni bahasha ya rafiki wa rafiki, hata kama ni sabuni na nguo za mtoto. Sheria ya Malaysia juu ya dawa za kulevya bado ina adhabu ya kifo. Tangu mabadiliko ya mwaka 2023 adhabu hiyo si ya lazima, na jaji ana hiari ya kutoa badala yake kifungo cha maisha pamoja na viboko kwa wanaume, na anayekutwa na mzigo huhesabiwa kuwa alijua kilichomo mpaka athibitishe vinginevyo. Wasichana kutoka nchi za Afrika wametumiwa kwa hila namna hiyo, na wengine walidhani wanapendwa.

SWALI: Mimi ni mtumishi wa umma, ofisi yetu imehamia Mtumba, mji wa Serikali hapa Dodoma. Nasikia Malaysia nayo ilihamisha serikali. Nikiwa na nusu siku tu ya kusubiri ndege, je, inafaa kwenda kuona?

JIBU: Inafaa sana, ndugu yetu, na kwako wewe ningesema uwaachie wengine minara. Mji huo unaitwa Putrajaya, kama kilomita 25 kusini ya Kuala Lumpur, uliojengwa juu ya mashamba ya michikichi na mpira wakati wa uongozi wa Waziri Mkuu Mahathir Mohamad. Ofisi ya Waziri Mkuu ilihamia mwaka 1999, wizara zikafuata, na baadaye mahakama za juu. Wenzetu walifanya kinyume cha sisi: Kuala Lumpur imebaki kuwa mji mkuu kwa mujibu wa katiba, na Bunge pamoja na kasri ya mfalme havikuhama, ilhali kwetu Bunge lilitangulia Dodoma na Serikali ikaanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, zaidi ya miaka 40 tangu uamuzi wa 1973.

Utaona barabara pana, ziwa lililochimbwa na watu, madaraja ya mitindo mbalimbali, na msikiti wa Putra wenye kuba la mawe ya waridi ukingoni mwa maji. Utaona pia jambo ambalo watumishi wa Mtumba mtalitambua mara moja: jioni na mwisho wa wiki viunga vya ofisi hupungukiwa watu, kwa kuwa wafanyakazi wengi wanaishi kwingine. Reli ya mjini ya MRT ilikamilika kufika huko Machi 2023, na kabla yake abiria walitegemea treni ya uwanja wa ndege na magari yao. Angalia jinsi walivyopanga vivuli na njia za miguu, uone palipofaulu na pasipofaulu, maana kwa jua lile mtu hatembei mita 500 pasipo mti.

Kutoka uwanja wa ndege panda KLIA Transit, si KLIA Express, kwa sababu Express haisimami njiani. Shuka kituo cha Putrajaya na Cyberjaya, chukua gari la Grab hadi uwanja ulio mbele ya msikiti, na uwe umerudi kituoni ukiwa umebakiwa na muda wa saa nne kabla ya ndege yako kuondoka. Mzigo mkubwa uache kwenye chumba cha kuhifadhi mizigo hapo hapo uwanjani, na stakabadhi yake uiweke pamoja na pasipoti.